Hukumu Isiyopozwa

Cheti kilirudi saa tatu na dakika kumi asubuhi, dakika arobaini baada ya rasimu kupelekwa. Karani Nchimbi alikichapisha, akakikunja, akakiweka mezani mwa Jaji Kokubanza Ishengoma bila kukisoma. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja na aliamini kwamba karatasi ya jaji husomwa kwanza na jaji.

Jaji alikifungua.

Shauri la Maombi Na. 19. Waombaji: madiwani kumi na wanane wa Halmashauri ya Luhembe. Mjibu maombi: Waziri wa Serikali za Mitaa. Mwelekeo wa rasimu: maombi yamekubaliwa, halmashauri irejeshwe. Vifo vinavyokadiriwa ndani ya siku saba tangu hukumu kusomwa: 37. Kiwango cha chini 29, cha juu 46.

Alisoma mara mbili, akavua miwani, akafinya macho kwa vidole viwili.

"Ngapi, Mheshimiwa?" Nchimbi aliuliza.

"Thelathini na saba."

Nchimbi alikwenda dirishani, akanyoosha pazia ambalo lilikuwa limenyooka. "Basi nilete jalada la viapo."

"Viapo vya nini?"

"Si tunapoza?"

Neno hilo halikuwamo katika sheria yoyote. Sheria ya Athari za Hukumu ilisema tu kwamba rasimu ya kila hukumu inayogusa umma ipelekwe Idara ya Makadirio siku tatu kabla ya kusomwa, na kwamba jaji "atazingatia" cheti kitakachotolewa. Mengine yote yalikuwa mazoea ya chemba. Cheti kikizidi vifo kumi, jaji alirudi kwenye jalada kutafuta dosari: tarehe iliyokosewa, muhuri uliofifia, kifungu kilichotajwa vibaya. Shauri lilitupwa kwa dosari hiyo, waombaji wakaambiwa wako huru kurudi, na kiini cha mgogoro hakikuguswa. Huko ndiko kupoza.

Katika Shauri Na. 19 dosari ilikuwepo, na Nchimbi alikwisha kuiona. Kiapo cha mwombaji wa nne hakikutaja mahali kilipoapwa. Kosa la wakili mwenye haraka. Lilitosha kulitupa shauri zima, kama jaji angetaka litoshe.

"Liache kwanza jalada," jaji alisema.

Hakuwa mtu wa kudharau vyeti. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa wakili mjini Mkwasa, wakati jaji mmoja aliposoma hukumu ya uchaguzi mchana wa Ijumaa. Kufikia Jumatatu walikuwa wamekufa watu mia sita na kumi na mmoja. Yeye aliitwa hospitali kutambua wawili, wafanyakazi wa ofisi yake, na mmoja wao alimtambua kwa viatu. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Rufani ilisema hukumu ile ilikuwa sahihi kwa kila hoja. Nchi ilikubaliana, bila chama kimoja kupinga, kwamba jambo lile lisijirudie, na Idara ikaundwa. Mtambo wake ulisoma rasimu, mwendo wa simu mitaani, siku za gulio, bei ya unga, mvua na historia ya kila kata, kisha ukaicheza wiki inayofuata mara elfu arobaini na kutoa namba moja.

Jaji Mfawidhi Gwakisa Mwambene alimwita saa tano. Aliongoza kituo hicho cha mahakama na alibakiza miezi saba kustaafu. Tayari alikwisha kuondoa vitabu vyake kwenye rafu.

"Thelathini na saba," alisema kabla hajaketi.

"Cheti ni cha jaji anayesikiliza shauri."

"Ni chako. Na nakala kwangu, na nakala wizarani. Kaa, dada. Chai?"

"Wizarani? Waziri ndiye mjibu maombi."

"Polisi wajiandae. Hukujua?" Alimimina chai. "Sheria inasemaje huko Luhembe?"

"Madiwani hupewa siku thelathini za kujibu tuhuma kabla ya halmashauri kuvunjwa. Waziri aliwapa siku nne. Mbili zilikuwa sikukuu."

"Hapo hakuna mjadala."

"Hapana."

"Basi kiapo kile kimeletwa na Mungu." Alisubiri mwenzake acheke. Hakucheka. "Koku, nisikilize. Unalitupa shauri kwa dosari. Wanarekebisha, wanarudi baada ya miezi miwili, joto limeshuka. Nani amepoteza haki?"

"Ndani ya miezi miwili tume ya muda ya waziri itakuwa imesaini mkataba wa maji. Madiwani walivunjwa kwa sababu walikataa kuusaini. Kiwanda cha betri kitauchukua mto kwa miaka arobaini."

"Mkataba huvunjwa. Maiti hafufuki."

Alilijua jibu hilo. Yeye mwenyewe alikwisha kulitumia, kwa maneno karibu hayohayo, kumshauri jaji mwenzake.

"Wewe umepoza mangapi?" Mwambene aliuliza.

"Manne."

"Mimi kumi na moja. Na ninalala."

"Unalala?"

"Nameza kidonge, nalala." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Usiniletee ukaidi wa Kihaya. Ukisoma rasimu ile na watu wale wakafa, hakuna atakayekumbuka siku thelathini wala siku nne. Watakumbuka kwamba uliambiwa."

"Hilo najua, kaka."

"Unajua. Ndilo linalonitia hofu."

Nia ya Jaji Ishengoma ya kushuka masijala haikuwa kubwa. Alitaka kuyaona majalada yake manne, kujikumbusha alivyoyaandika. Majaji wa nchi ile bado waliandika kwa mkono. Mwenendo wa shauri ulirekodiwa na mashine tatu, lakini sheria ilitambua mwandiko wa jaji kuwa kumbukumbu halisi, na rasimu iliyoachwa iliwekwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti chake, ikafungwa nyuma ya jalada. Hakuna aliyezifungua bahasha hizo. Nchimbi alikuwa amezitunza zote, kwa mwaka na kwa jina la jaji, kwa sababu hakuna aliyemwambia azitupe.

Alizisoma zake nne akiwa amesimama. Ya tatu ilihusu shule iliyojengwa juu ya makaburi ya watu. Ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko alivyokumbuka.

"Nyingine ziko wapi?" aliuliza.

"Za nani, Mheshimiwa?"

"Za wote."

Nchimbi alitazama rafu, kisha viatu vyake. "Hapo tutahitaji ngazi. Na panadoli."

Iliwachukua siku moja na nusu. Jaji alisoma vyeti, Nchimbi alipanga bahasha sakafuni. Katika kituo chao peke yake, vyeti vilivyozidi kumi vilikuwa sitini na tatu, na hukumu zote sitini na tatu zilipozwa. Hakuna hata moja iliyosomwa kama ilivyoandikwa.

Juu ya kabati kulikuwa na taarifa ya mwaka ya Idara ya Makadirio, ile ambayo kila jaji alipewa kila Januari. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba makadirio yalilinganishwa na matokeo katika hukumu 4,118, na usahihi ulikuwa asilimia tisini na sita. Aliwahi kuinukuu mara nyingi. Sasa aliisoma sentensi ile tena, taratibu, kama anavyosoma kiapo cha shahidi asiyemwamini.

Matokeo ya hukumu. Hukumu iliyopozwa haina matokeo.

Dk. Fumbuka Magesa, msimamizi wa mtambo, alikuja kwa treni ya asubuhi iliyofuata. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini, mwenye adabu na begi lisilokuwa na kitu isipokuwa kishikwambi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nina maswali mawili. Kati ya zile hukumu elfu nne na ushee, ngapi zilikuwa na makadirio ya zaidi ya kumi?"

Magesa hakugusa kishikwambi. "Hakuna."

"Hakuna nchi nzima?"

"Nchi nzima. Zote zilirekebishwa kabla ya kusomwa."

"Sema zilipozwa. Ofisini kwangu tunasema hivyo."

"Zilipozwa."

"Asilimia tisini na sita ni ya nini, basi?"

"Karibu yote ni ya mashauri ambayo tulisema hakuna atakayekufa, na kweli hakufa mtu." Alitabasamu kwa aibu. "Mengi ni mipaka ya viwanja."

"Na kwa muhuri uleule mmeniambia thelathini na saba."

"Mheshimiwa, nimeliandika hilo ndani ya Idara mara tatu. Lakini niseme kwa haki: kutopimwa hakuifanyi namba kuwa ya uongo. Inaweza kuwa thelathini na saba. Inaweza kuwa sabini."

"Inaweza kuwa sifuri."

"Sidhani kama ni sifuri," alisema, na kwa jibu hilo jaji alianza kumwamini.

"Swali la pili. Mtambo unajuaje polisi wangapi watakuwepo Luhembe?"

"Hiyo hatukadirii. Tunapewa."

"Na nani?"

"Wizara. Mpango wa ulinzi. Kwa shauri lako ni askari mia nne, wenye risasi za moto, kuanzia saa ya hukumu."

Jaji aliandika: mia nne, risasi za moto, chanzo ni mjibu maombi. "Ukiweka mia moja? Bila risasi?"

Magesa alisita. "Siruhusiwi kubadilisha ingizo bila barua."

"Sikuombi ubadilishe. Nakuuliza kama uliwahi."

Alitazama mlango. Nchimbi, aliyekuwa amekaa kando yake na jalada magotini, aliinuka akaufunga bila kuambiwa.

"Niliwahi," Magesa alisema. "Inashuka hadi sita. Lakini nayo haijapimwa, Mheshimiwa. Nakuomba usiitumie kama ukweli."

"Sitaitumia. Umenijibu nilichotaka."

Alipoondoka, Nchimbi alibaki. "Sasa ni uongo au si uongo?"

"Sijui. Yeye mwenyewe hajui." Jaji alikuwa akitazama maandishi yake. "Ninachojua ni kwamba mjibu maombi ameleta ushahidi mezani kwangu kupitia mlango wa nyuma. Anasema, nikishindwa watu watakufa. Kisha yeye ndiye anayeamua abebe bunduki ngapi. Na hakuna aliyemuuliza swali hata moja."

"Shahidi wa namna hiyo ungemfukuza."

"Ningemtaka apande kizimbani kwanza."

Mchana ule jaji hakula. Aliisoma Sheria ya Athari za Hukumu tangu kifungu cha kwanza mpaka jedwali la mwisho, akitafuta mahali ilipokataza cheti kusomwa hadharani. Hapakuwepo. Waliotunga sheria hawakukataza kwa sababu hawakufikiri kuna jaji atakayetaka.

Kulikuwa na njia mbili, na alizipima kama alivyopima hoja za mawakili. Akipoza, hakuna atakayekufa Luhembe wiki ijayo, pengine. Mto utakwenda, madiwani watarudi na kiapo kizuri kuomba kitu kisichokuwepo tena, na waziri atakuwa amejifunza, kwa mara ya sitini na nne katika kituo hiki, kwamba mtu hushinda shauri kwa kuandika idadi ya askari kwenye fomu. Akisoma, kuna mtu hai leo ambaye huenda atakufa, na atakuwa amekufa baada ya jaji kuonywa kwa maandishi. Hakuna hoja iliyomwondoa mtu huyo. Alijaribu kutafuta, akaona anajidanganya, akaacha.

Akaichukua rasimu na kuongeza aya tatu kwa mkono.

Hukumu ilisomwa Jumatano saa nne asubuhi. Madiwani walijaa benchi za mbele wakiwa na suti zao za vikao. Kiapo cha mwombaji wa nne, alisema, kina dosari na kinaondolewa. Viapo vya wenzake kumi na saba vinajitosheleza. Akaeleza siku thelathini na siku nne. Kisha akachukua karatasi nyingine.

"Kabla ya amri, mahakama itasoma cheti cha athari kilichotolewa katika shauri hili."

Wakili wa Serikali alisimama haraka hata kiti kikaanguka. "Mheshimiwa Jaji, kwa heshima zote, cheti ni waraka wa siri."

"Kwa kifungu gani, wakili msomi?"

Alifungua kitabu, akakifunua mbele, akakirudisha nyuma. Mtu mmoja kwenye benchi za nyuma alisema, "Mpeni miwani," na watu wakacheka mpaka Nchimbi alipogonga meza.

"Nitaomba muda, Mheshimiwa."

"Keti kwanza. Muda utaupata nikimaliza."

Alisoma. Makadirio yanasema watu thelathini na saba watakufa kwa sababu ya hukumu hii. Makadirio hayo yamejengwa juu ya askari mia nne wenye risasi za moto, na idadi hiyo imetolewa na mjibu maombi. Mahakama haikupata nafasi ya kumhoji. Makadirio ya ukubwa huo hayajawahi kulinganishwa na tukio lolote, kwa kuwa mahakama hizi, na jaji huyu akiwemo, hazikuwahi kuyaacha yatokee. Mahakama imeyazingatia, kama sheria inavyotaka. Haina mamlaka ya kuamua ni askari wangapi waende Luhembe. Aliye na mamlaka hayo anajulikana, na yumo katika shauri hili.

Diwani mmoja mzee alikuwa ameinamisha kichwa akihesabu kitu kwa vidole. Huenda watu wa nyumbani kwake.

"Uamuzi wa kuivunja halmashauri umebatilishwa. Waombaji warudi kazini."

Alitia saini. Kisha akafunga jalada.

Kufikia jioni aya zile tatu zilikuwa kwenye kila redio. Waziri alihojiwa mara nne kuhusu mia nne, na kila mara alisema ulikuwa mpango tu. Askari waliopelekwa Luhembe walikuwa tisini. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili. Siku ya tatu watu walikwenda kwenye lango la halmashauri kuwapokea madiwani, wengine wakaja kuwazuia, mawe yakarushwa, na askari mmoja akafyatua risasi. Kufikia siku ya saba hesabu ilikuwa imefungwa.

Zuwena Mkoba, miaka ishirini na tisa, mpimaji katika ghala la pamba. Koplo Yoramu Sagenda, miaka thelathini na minne, jiwe la kichwani.

Jaji aliyaandika majina yote mawili kwenye daftari la mwenendo wa shauri, chini ya saini yake, mahali ambapo hayakuhitajika kisheria.

"Wawili si thelathini na saba, Mheshimiwa," Nchimbi alisema.

"Wala si sifuri. Ningepoza, wangekuwa hai."

Nchimbi alitaka kubisha. Alikuwa amejiandaa kubisha tangu asubuhi. Mwishowe alisema tu, "Ndiyo."

Mwambene alipiga simu. "Watu wanasema umewaokoa thelathini na tano."

"Hao thelathini na tano hawakuwahi kuwepo, kaka. Hao wawili walikuwepo."

"Hilo ndilo nililotaka kukuambia, lakini nilidhani utakasirika." Akashusha sauti. "Wizara imeomba uhamishwe. Tume inayosimamia majaji imeliahirisha hadi nistaafu. Waoga wote, ila safari hii uoga umekufaa."

Wiki ya tano baada ya hukumu Magesa alirudi kwa treni ileile. Alikaa pembeni mwa kiti na safari hii hakuweza kuficha furaha yake.

"Fomu imebadilika, Mheshimiwa. Idadi ya askari sasa inaandikwa kwenye cheti, na pande zote mbili zinapewa nakala. Kuna majaji sita wamesoma hukumu zao bila kupoza. Sita! Tumepata matokeo. Kwa mara ya kwanza tunaweza kupima upande wa juu."

"Na?"

"Tulikuwa tunazidisha mno. Mtambo umejirekebisha. Kwa hukumu nne za mwisho umekosea kwa mtu mmoja tu, katika moja. Bila ya Luhembe tusingefika hapa."

"Hongera," jaji alisema, na hakuwa anamkejeli. Alikuwa amechoka, na kazi nzuri ilikuwa kazi nzuri.

Nchimbi aliingia na karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ya shauri la redio ya Kibingo, iliyofungiwa na mkuu wa wilaya asiye na mamlaka hayo. Jaji alikifungua cheti mbele ya wote wawili.

Askari: ishirini, bila risasi za moto. Vifo vinavyokadiriwa: 3. Kiwango cha chini 2, cha juu 4.

Alimpa Magesa. "Hii unaiamini?"

Magesa alisoma, na furaha ikamtoka usoni polepole. Alikuwa mtu mkweli. Hilo jaji alikwisha kuliona.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hii naiamini."

"Asante. Nenda usikose treni."

Jaji alipobaki peke yake alivuta rasimu karibu. Kurasa kumi na nne. Alizisoma tangu neno la kwanza, akitafuta kosa katika sheria, katika tarehe, katika viapo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tatu ya ujaji alitamani kwa dhati kulipata. Aliporudia mara ya pili alisoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mstari.

Hapakuwa na kosa.

Alimwita Nchimbi, akamwambia apange tarehe ya kusoma.

"Alhamisi iko wazi, Mheshimiwa."

"Alhamisi ni gulio Kibingo. Weka Jumatatu."